Keti Dawati la Nyuma Kabla Hujachora Darasa

Ramani ya darasa huchorwa kutoka juu, kana kwamba paa limeng'olewa na mchoraji ananing'inia hewani. Kuta ni mistari miwili, madirisha ni mapengo, madawati ni mistatili. Mhandisi wa halmashauri anaipitia, mkuu wa shule anaonyeshwa, kamati ya ujenzi inapiga hesabu ya saruji na nondo, na msingi unachimbwa. Katika safari yote hiyo hakuna anayeuliza mwanafunzi wa dawati la mwisho, upande wa mlangoni, ataona nini ubaoni saa mbili asubuhi. Hata angeuliza, ramani isingemjibu. Ramani haina mahali pa kukaa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa kuwa hatujengi darasa mojamoja. Mwaka 2021 Tanzania ilipopata mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, uliofikia shilingi trilioni 1.3, sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani matawi ya shule za msingi. Kenya nayo imejenga maelfu kwa ajili ya wanafunzi wa mtaala wa umilisi (CBC). Kazi ya ukubwa huo haiwezekani bila michoro ya mfano inayotumika pwani na nyanda za juu vilevile, na silaumu hilo. Ila mchoro ukirudiwa mara elfu, dirisha lililokosewa kwa nusu mita nalo linarudiwa mara elfu, na fundi aliye kazini hana mamlaka ya kulisogeza.

Kuna kifaa kinachoweza kumkalisha mchoraji kwenye kiti cha mtoto kabla ya tofali la kwanza. Ni kamera ya nyuzi 360, pamoja na ndugu zake: miwani ya uhalisia pepe, upimaji wa leza na picha zinazotengenezwa na kompyuta. Wengi wetu tumezijua kupitia matangazo ya hoteli na nyumba za kupanga. Mimi nazitetea hapa kwa kazi isiyo na mvuto wa biashara, yaani kupima darasa kwa jicho la anayesoma ndani yake.

Kamera yenyewe haina miujiza. Ina lenzi mbili zilizopeana mgongo, kila moja imebinuka na inaona zaidi ya nusu ya mazingira. Picha mbili hupishana kidogo pembezoni, na programu huutumia mpishano huo kuziunga. Matokeo hulazwa kwenye picha bapa ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo chake, kwa hesabu ileile ya ramani ya dunia iliyochorwa kwa longitudo na latitudo. Usawa wa macho unakaa kama ikweta, na dari na sakafu zinavutwa upana mzima kama ncha za dunia. Ukiitazama hivyo bapa, inachekesha: dawati lililo chini ya kamera limeenea kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiifungua kwenye simu au miwani, mashine huikunja kuwa tufe na kukuweka kitovuni. Geuza kichwa, na chumba kinageuka nawe.

Wazo hili ni la zamani. Mchoraji Robert Barker alipata hataza ya picha ya mzunguko mwaka 1787, na mwaka 1793 akafungua London jengo la duara ambamo watu walisimama katikati wakizungukwa na mchoro. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza Marekani miwani ya kompyuta inayofuata mwendo wa kichwa, nzito kiasi cha kuning'inizwa darini. Kilichobadilika majuzi ni bei. Ricoh ilitoa kamera ya Theta mwaka 2013, na mwaka uliofuata Google ikatoa Cardboard, kasha la kadibodi lenye lenzi mbili za plastiki linalogeuza simu kuwa miwani. Leo kamera ya aina hii huuzwa kwa bei ya simu nzuri, na fedha hizo ni kidogo mno zikilinganishwa na gharama ya darasa moja.

Teknolojia hii wala si ngeni pwani yetu. Wataalamu wa Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima kwa leza na picha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na ukiwa na kompyuta unaweza kuyazunguka yale matao ukiwa umekaa nyumbani. Ni kazi nzuri sana. Ila inanishangaza kwamba jumba ambalo watu walilihama karne nyingi zilizopita tunalo hadi ufa wa ukuta, na darasa ambalo watoto wetu wanakaa saa sita kila siku hatuna hata picha yake iliyopigwa kutoka mahali wanapokaa.

Watafiti wa elimu walianza kurekodi madarasa kabla kamera hizi hazijazaliwa. Mwaka 1970 Raymond Adams na Bruce Biddle walichapisha uchambuzi wa kanda za video za madarasa, wakaonyesha kwamba mazungumzo mengi kati ya mwalimu na wanafunzi hufanyika na waliokaa mbele na wale wa mstari wa katikati. Mwalimu yeyote mkongwe atakwambia alilijua hilo bila kanda. Lakini kulijua ni tofauti na kulipima, na upimaji wa siku zile ulikuwa na kikwazo: kamera ya lenzi moja lazima ilenge mahali. Utafiti wa video wa TIMSS, mradi wa kimataifa wa kulinganisha hisabati na sayansi, wa mwaka 1995 ulirekodi vipindi 231 vya hisabati Ujerumani, Japani na Marekani kwa kamera moja kila kipindi, na ikabidi wapiga picha wapewe kanuni za nini kifuatwe na nini kiachwe. Kilichotokea nyuma ya kamera kilipotea moja kwa moja.

Kamera ya nyuzi 360 haina nyuma. Iweke katikati ya darasa, na mwalimu anayeandika ubaoni akiwapa watoto mgongo anaonekana katika dakika ileile ambayo msichana wa pembeni ananakili jibu kutoka kwa jirani, na wavulana wawili dirishani wanafuata mpira uwanjani. Ukirudia sehemu hiyo ukiangalia upande mwingine, unakuta tukio jingine kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, Paul McIlvenny na Jacob Davidsen wamekwenda mbali zaidi: wametengeneza programu ya AVA360VR, ambayo mtafiti akivaa miwani anaingia ndani ya video, anachora alama juu ya watu na vitu, anaongeza picha za kamera nyingine palepale zilipokuwa, kisha anamwonyesha mwenzake alichokiona na kutoka upande gani.

Nisiwape watu matumaini kupita kiasi. Video ya ubora wa kawaida wa kamera hizi hutumia takriban megabiti 100 kwa sekunde, hivyo kipindi cha dakika 40 hujaza kama gigabaiti 30. Shule ngapi zina mahali pa kuhifadhi wiki nzima ya vipindi? Tena macho ya binadamu hayana nyuzi 360. Mtafiti naye huangalia upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo uchaguzi haukuondoka, umeahirishwa tu. Faida ni kwamba mtu asiyekubaliana naye anaweza kuirudia kanda ileile na kuangalia alikopuuza mwenzake. Kwenye taaluma ambayo mkaguzi hukaa dakika ishirini nyuma ya darasa na kuandika ripoti isiyoweza kupingwa, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kwa usanifu, hata hivyo, video mara nyingi haihitajiki. Picha tuli za darasa tupu zinatosha, na hapa ndipo kamera hizi zinapotumiwa vibaya kuliko kote. Mpiga picha hufika, anasimamisha stendi katikati ya chumba kwa kimo chake mwenyewe, anabonyeza, anaondoka na picha ya kupendeza ya chumba ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiona. Jicho la mwalimu aliyesimama liko kadiri ya sentimita 150 au 160 kutoka sakafuni. Jicho la mtoto wa darasa la tatu aliyeketi liko chini ya hapo kwa nusu mita au zaidi. Usikisie. Mkalishe mtoto kwenye dawati lake, pima kwa futikamba kutoka sakafuni hadi jichoni, na uweke lenzi hapohapo. Piga kutoka pembe zote za darasa, katikati, na kwenye dawati lolote ambalo mwalimu anasema watoto wake hawatulii. Piga pia alipo mwalimu, maana naye anafanya kazi humo. Elekeza lenzi moja ubaoni ili mshono wa picha uangukie ukuta wa pembeni. Mshono ukipita kwenye kitu kilicho karibu, kama kichwa cha dawati la jirani, utakikata vipande viwili, kwa sababu lenzi zile mbili haziko sehemu moja na kila moja inakiona kitu hicho kwa pembe yake.

Fanya hivyo saa mbili asubuhi, saa sita mchana, na saa tisa alasiri. Picha ya saa moja tu ni nusu ya habari, na mara nyingi ni nusu isiyofaa.

Hapa tuingie kwenye mwanga, kwa kuwa ndiko kifaa hiki kinakolipa gharama yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua halikai mbali na utosi: mwezi Desemba limeegemea kusini kwa nyuzi 16 au 17, mwezi Juni limeegemea kaskazini kwa nyuzi 30. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini hulindwa na ukingo wa paa wa kawaida tu. Tatizo ni mashariki na magharibi. Saa mbili asubuhi jua liko kwenye kimo cha takriban nyuzi 24. Chukua dirisha la mashariki lisilo na varanda, ambalo kizingiti chake cha juu kiko mita 2.1 kutoka sakafuni, na dawati la sentimita 70. Hesabu ya pembetatu inaonyesha mwale utatua juu ya madawati hadi kadiri ya mita 3 kutoka ukutani. Katika chumba cha upana wa mita 7, karibu nusu ya darasa inaandika juani. Mwalimu naye, aliyesimama ubaoni upande wenye kivuli, anadhani wale watoto wanaokunja nyuso hawajaelewa somo.

Ubao una hadithi yake. Nyingi za mbao zetu za shule ni plasta ya saruji iliyopakwa rangi nyeusi, na rangi ikiwa ya mafuta, au ikishasuguliwa kwa miaka, inang'aa. Mwanga wa dirisha la kwanza, lile lililobanana na ukuta wa mbele, unagonga ubao kwa mshazari na kurukia kona ya nyuma ya upande wa pili. Ukisimama mbele huoni kitu. Ukipiga picha kutoka dawati la kona hiyo, theluthi ya ubao ni utepe mweupe na maandishi yamefutika. Kwenye ramani, dirisha hilo ni pengo kama mapengo mengine. Tiba zake ni nafuu: kulisogeza dirisha mbali na ubao kabla ya kujenga, au kupaka ubao rangi isiyong'aa kama jengo limeshasimama. Tiba ya kwanza haigharimu chochote, ila lazima mtu awe ameuona ule utepe mapema.

Picha ya kawaida inaonyesha utepe upo, lakini haisemi ni mkali kiasi gani, kwa sababu kamera huchoka haraka: penye mwanga mwingi inaandika nyeupe tupu, penye giza nyeusi tupu. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha namna ya kuunganisha picha kadhaa za sehemu moja, zilizopigwa kwa mwendo tofauti wa kufungua lenzi, zikawa picha moja ambayo kila nukta inabeba kipimo cha mwanga wenyewe. Ikishasahihishwa kwa kipima mwanga halisi, picha ya lenzi pana inageuka kuwa mamia ya maelfu ya vipimo vilivyochukuliwa kwa dakika chache. Mwaka 2006 Jan Wienold na Jens Christoffersen walitoa kanuni inayosoma picha za namna hiyo na kukadiria uwezekano wa mtu kusumbuliwa na mng'ao: chini ya 0.35 mtu hausikii, juu ya 0.45 hauvumiliki. Nitaongeza tahadhari yangu. Kanuni hiyo ilitokana na watu wazima waliofanya kazi za kiofisi kwenye vyumba vya majaribio Denmark na Ujerumani. Kwa mtoto wa Singida aliyekulia kwenye jua, itumieni kulinganisha dawati na dawati au mchoro na mchoro, msiitumie kama hukumu.

Na je, hayo yote yana uhusiano na kujifunza, au ni starehe ya wasanifu? Ushahidi ninaouheshimu zaidi ni wa Peter Barrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, uliotolewa mwaka 2015. Walipima madarasa 153 katika shule 27 za msingi, wakafuatilia maendeleo ya wanafunzi 3,766, na wakakuta tofauti za kimaumbile za madarasa zinaeleza asilimia 16 ya tofauti ya maendeleo yao kwa mwaka katika kusoma, kuandika na hisabati. Karibu nusu ya athari hiyo ilitokana na mambo ya asili: mwanga, joto, hewa na yanayofanana nayo. Madarasa yale si ya kwetu, yana vioo na vipasha joto, na idadi ya watoto ni ndogo. Lakini sehemu moja ya matokeo yao inagusa moja kwa moja hoja yangu. Kilichohesabika zaidi ni hali ya darasa lenyewe kuliko sura ya shule nzima, na madarasa mawili ya shule moja yanaweza kutofautiana sana. Anayepiga picha jengo kutoka getini hana habari hiyo.

Sasa nieleze kamera hizi zinadanganya wapi, maana zinadanganya, na mtu asiyejua ataondoka na uhakika wa uongo.

Uongo wa kwanza ni wa ukali wa picha. Kamera ya kiwango kinachoitwa 5.7K ina pikseli 5,760 za kuzunguka nyuzi 360, yaani pikseli 16 kwa kila uzi. Jicho zima la binadamu hutofautisha takriban nukta 60 kwa kila uzi. Herufi ya sentimita 4 ubaoni, ikitazamwa kutoka mita 7, inachukua theluthi ya uzi mmoja. Kwa mtoto mwenye macho mazuri herufi hiyo ni kubwa ya kutosha. Angeweza kusoma hata ya sentimita 1. Kwa kamera ni pikseli 5, doa lisilosomeka. Nimewasikia watu wakivaa miwani na kutangaza kwamba ubao uko mbali mno, wakati kilichowashinda ni pikseli. Kinyume chake nacho kipo: mtoto mwenye tatizo la macho haoni hata kile ambacho picha inakionyesha. Usomekaji wa ubao upimeni kwa chaki na watoto wenyewe, si kwa kamera.

Uongo wa pili ni wa umbali. Watu wanaovaa miwani ya uhalisia pepe huona vitu viko karibu kuliko vilivyo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuta wastani wa makadirio ni kama asilimia 74 ya umbali halisi. Darasa la mita 9 linaweza kuonekana la mita 7. Picha ya nyuzi 360 inazidisha utata, kwa kuwa macho yote mawili yanapewa taswira ileile, na ubongo unakisia ukubwa wa chumba kwa kutumia kimo chako juu ya sakafu. Kama kamera ilikuwa kwenye kimo cha mtoto na wewe umesimama wima umevaa miwani, utajiona umezama sakafuni au umekuwa mdogo kwenye nyumba ya jitu. Dawa ni rahisi na hupuuzwa daima: anayetazama naye aketi, tena kwenye dawati la mtoto. Magoti yakigonga ubao wa dawati, amepata na habari nyingine ya ziada.

Uongo wa tatu ni wa kunyamaza. Picha haina joto. Haina harufu ya choo kilichojengwa upande upepo unakotokea, wala kelele ya mvua juu ya bati lisilo na dari, ambayo inasimamisha somo kabisa hata kama mwanga ni mzuri ajabu. Sauti inaweza kurekodiwa kwa mzunguko pia, kwa maikrofoni nne zilizopangwa pamoja, mbinu ambayo Michael Gerzon aliikuza Uingereza miaka ya 1970, na siku hizi baadhi ya kamera za nyuzi 360 zinayo ndani yake. Joto bado linahitaji kipimajoto ukutani. Darasa linalopendeza kwenye miwani linaweza kuwa tanuri saa nane mchana, na mbunifu aliye kwenye ofisi yenye kiyoyozi hatalijua hilo hadi ahudhurie.

Pamoja na hayo, pale ambapo kifaa kina ukweli, kina ukweli mwingi. Chukua mwanafunzi kiziwi. Wasanifu wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, chuo cha viziwi, wamekuwa tangu 2005 wakiendeleza mradi wa DeafSpace ulioongozwa na Hansel Bauman, na msingi wake mmoja ni kwamba anayesoma kwa macho anahitaji kuona nyuso na mikono ya wote wanaozungumza. Weka kamera kwenye dawati la safu ya tatu katika mpangilio wetu wa kawaida, na utaona shingo. Safu nzima ya shingo na visogo, na mbele kabisa mkalimani ambaye nusu ya mikono yake imefichwa na kichwa cha mtoto mrefu. Panga madawati yaleyale kama kiatu cha farasi, piga tena. Sijaona mjumbe wa kamati aliyehitaji maelezo baada ya picha hizo mbili. Fanya vivyo hivyo kwa kimo cha aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, kuanzia getini hadi ubaoni na kutoka hapo hadi chooni, na kila kizingiti kitajitangaza.

Kutoka kupima darasa lililopo hadi kuchora lijalo ni hatua fupi. Chumba kinapimwa kwa futikamba, au kwa leza ndogo iliyomo kwenye baadhi ya vifaa, kama iPad Pro za kuanzia mwaka 2020. Modeli inajengwa kwenye kompyuta. Blender, programu ya bure, inaweza kutoa picha ya nyuzi 360 kutoka sehemu yoyote ya modeli, kwa umbo lilelile la picha ya kamera. Anayetaka hesabu za mwanga za kuaminika anatumia Radiance, iliyoanzishwa na Greg Ward katika maabara ya Lawrence Berkeley, nayo ni ya bure. Sogeza dirisha, ongeza varanda, badilisha rangi ya dari kutoka kijivu cha saruji kuwa nyeupe, kisha toa picha kutoka kwenye dawati lilelile la kona, saa ileile, mwezi uleule. Unaweka mbele ya watu darasa walilonalo na darasa wanaloweza kuwa nalo, yote mawili kutoka kiti kimoja.

Kwa kazi ya kamati, mimi napendelea kishikwambi kuliko miwani. Miwani inamtenga mtu. Mjumbe mmoja amefunikwa uso anashangaa peke yake, wengine tisa wanasubiri zamu na kucheka, na dakika za kwanza za kila mmoja zinaishia kwenye mshangao. Kishikwambi watu wawili wanakishika pamoja, wanakizungusha, na mmoja anaweka kidole: hapa. Walimu wengi wa Tanzania walipewa vishikwambi baada ya Sensa ya 2022, kwa hiyo kifaa kipo mezani. Miwani naihifadhi kwa yule anayesaini mchoro. Huyo lazima aketi chini na azungukwe. Na swali la kuuliza si kama wanalipenda darasa. Mgeni akija na mitambo yake, kila mtu atasema analipenda, ni adabu tu. Waulize wanaonyeshe mtoto gani haoni, na mwalimu atapita wapi kufika dawati la mwisho madawati yakiwa ya watoto watatu watatu. Wakishaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kaa kimya na uandike.

Lipo suala la watoto ndani ya picha, nalo ni la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa kamera ya kawaida, mtoto ambaye mzazi wake amekataa huhamishwa nyuma ya kamera na kazi inaendelea. Kwa kamera ya nyuzi 360 hakuna pa kumhamishia. Kukataa kwa mzazi mmoja ni kukataa kwa rekodi nzima, au ni kumtoa mtoto nje ya somo lake, jambo ambalo sitalikubali kwa utafiti wowote. Ndiyo maana maswali yanayoweza kujibiwa na darasa tupu yajibiwe Jumamosi, shule ikiwa imefungwa. Sehemu kubwa ya niliyoeleza hapa, kuanzia utepe wa ubaoni hadi jua la asubuhi, haimhitaji mtoto yeyote mbele ya lenzi.

Kuna picha ya mwisho ambayo ningependa iwe sharti la mkataba. Siku ya makabidhiano, pamoja na funguo na hati, mkandarasi na mhandisi wapige picha kutoka madawati yaleyale yaliyotumika wakati wa kubuni, na zilinganishwe na zile za kompyuta. Varanda iliyopunguzwa ili kuokoa bati itaonekana. Dirisha lililozibwa nusu kwa matofali kwa sababu nondo hazikutosha litaonekana. Kisha warudi baada ya mwaka mmoja, darasa lililochorwa kwa watoto 45 likiwa na 80, kabati limewekwa mbele ya dirisha na dawati la kwanza limesogezwa hadi nusu mita kutoka ubaoni. Picha za mwaka huo ndizo ziende kwa anayechora awamu inayofuata, zikiwa zimeandikwa namba ya dawati na saa.